Leonardo wa filamu ya 1990: panga zake, mikono yake na hewa ya Mtwara

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mikindani. Kaka yangu ni baharia, na meli yao ilipotia nanga Mtwara alimletea mwanangu wa miaka saba sanamu ya Leonardo, yule kobe ninja mwenye kitambaa cha bluu. Sanduku limeandikwa NECA na linasema ni wa filamu ya 1990. Ndani mna panga mbili, mikono ya kubadilisha na kipande cha piza. Upanga mmoja umepinda. Kifundo cha mkono wa kulia hakizunguki. Sasa kijana mmoja wa Shangani anataka kuinunua. Je, ni kitu halisi? Ni kizuri kweli, au ni jina tu? Nimwachie mtoto aichezee? Nyumbani ana mdogo wake wa mwaka mmoja na nusu.

JIBU: Mwalimu, kabla ya yote, usikilazimishe tena hicho kifundo cha mkono. Kiache kilivyo mpaka ufike ninapoeleza namna ya kukilegeza. Sanamu za aina hii huvunjikia hapo hapo, tena siku ya kwanza, mikononi mwa mtu mwenye nia njema kabisa.

Nianze na swali lako la ubora, maana mengine yote yanatoka humo. Ndiyo, ni kitu kizuri kweli. Kwangu mimi ni miongoni mwa sanamu bora za kobe ninja zilizowahi kutengenezwa. Lakini uzuri wake hauko kwenye panga, ambazo ndizo mtoto huzikimbilia. Uko kwenye ngozi na kwenye mikono, na ili uuone inabidi ujue sanamu hii inaiga kitu gani.

Kobe hawa, kwa Kiingereza Teenage Mutant Ninja Turtles, walianza 1984 katika katuni ya kuchorwa ya Wamarekani wawili, Kevin Eastman na Peter Laird. Kurasa zake zilikuwa nyeusi na nyeupe, na walipotiwa rangi kwenye jalada wote wanne walifungwa vitambaa vyekundu. Rangi tunazozijua leo, bluu ya Leonardo, nyekundu ya Raphael, chungwa ya Michelangelo na zambarau ya Donatello, zilikuja na katuni ya televisheni iliyoanza mwishoni mwa 1987 na midoli ya kampuni ya Playmates ya 1988. Midoli ile ilikuwa minene, yenye viungo vichache, na silaha zake zilikuja zimeshikana kwenye fremu moja ya plastiki ya kahawia, mtoto akazikate mwenyewe. Ilitengenezwa ichezewe, na mingi iliuhimili mchezo vizuri.

Filamu iliyotoka Machi 1990 ilikwenda njia nyingine. Hakukuwa na kobe wa kompyuta. Karakana ya Jim Henson, Creature Shop ya London, ilitengeneza mavazi kamili ya povu la mpira, na ndani ya kila vazi mlikuwa na mtu. Leonardo alichezwa na David Forman ndani ya vazi, sauti ikawa ya Brian Tochi, na uso ukachezeshwa na mtu mwingine kabisa aliyekaa pembeni na rimoti, akiongoza mota ndogo zilizofichwa kichwani. Kobe mmoja, watu watatu. Wewe uko Mikindani, bila shaka umeona midimu, ngoma ya barakoa ya Wamakonde, ikichezwa vijana wanapotoka jandoni: kila mtu anajua chini ya barakoa ya lipiko kuna kijana wa kijijini, na bado lipiko linapotikisa kichwa watoto hukimbia. Mavazi yale ya 1990 yana nguvu hiyo hiyo. Uzito wa mwili wa mtu unaonekana ndani ya mpira.

NECA, kampuni ya Marekani ya sanamu za wakusanyaji, waliamua kuiga vazi lile lenyewe. Kwa ukubwa huu, waliwatoa wanne kwanza kwa seti maalumu ya Comic-Con, maonyesho ya katuni na filamu ya San Diego, ya 2018, kisha 2019 wakaanza kuuzwa mmoja mmoja kupitia maduka ya GameStop ya Marekani. Mshike Leonardo wako karibu na dirisha asubuhi, jua likiwa upande, umtazame kiwiko, goti na shingo. Utaona mikunjo, ile ya mpira unaojikunja mtu anapopinda mkono. Ngozi haina kijani kimoja. Ina madoa na vivuli, na kwenye mabonde ya mikunjo kuna rangi nyeusi zaidi iliyopakwa kisha ikafutwa juu ili ibaki chini tu. Gamba la kifuani limefifia kama kitu kilichovaliwa. Uso umetulia, mdomo umefungwa kwa nguvu kidogo, na huyo ndiye Leonardo wa filamu: kaka mkubwa anayebeba wasiwasi wa wenzake. Mchongaji aliyefanya uso ule alikuwa ameitazama filamu kwa makini sana.

Watoto wa pwani hukwama penye miguu. Mtoto aliyewaona kasa wa Msimbati, kwenye Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, atakuuliza mapezi yako wapi. Hawa ni kobe wa maji baridi, wale wadogo wanaouzwa kwenye maduka ya wanyama huko Marekani, na hadithi imewageuza wakawa na umbo la watu: vidole vitatu kila mkono, viwili kila mguu. Vidole hivyo viwili vya mguu ni vipana sana, na ndiyo maana sanamu inasimama bila stendi. Kiuno hakina uhuru mkubwa kwa sababu gamba linakizuia mbele na nyuma. Usihangaike kukizungusha. Pozi zinazompendeza hutoka shingoni, magotini na mabegani: mguu mmoja mbele, magoti yamelegea, kichwa kimegeuzwa kidogo kuliko kifua.

Kuhusu ukubwa, usishangae rula ikikuonyesha pungufu. Mfululizo huu unaitwa wa inchi 7, lakini kipimo hicho ni cha mtu mzima wa kawaida, na kobe hawa kwenye filamu ni wafupi kuliko watu. Ukimpanga na midoli ya inchi 6 inayojaa kwenye maduka ya Kariakoo, atakuwa mnene kuliko wote bila kuwapita sana urefu.

Sasa vifaa vyake. Kipande cha piza hakina maelezo marefu: ni kidogo, kimepakwa vizuri, na ndicho kifaa cha kwanza kupotea. Kiweke kwenye kichupa pamoja na mikono ya ziada.

Mikono ndiyo mali. Wengi hudharau mikono ya kubadilisha, wakaiacha kwenye plastiki yake, wakati bila hiyo sanamu ina pozi moja tu maisha yote. Mkono wenye vidole vilivyojikunja ni wa kushikia upanga. Ule uliofunguka ni wa kuzungumza, wa kusikiliza, wa kumzuia Raphael asiondoke kwa hasira. Mabadiliko ya mkono mmoja hugeuza sanamu nzima. Nikiulizwa ni kifaa gani kisipotee hata panga zikipotea, nitasema mikono.

Na hapa ndipo kifundo chako kinapoingia. Mkono umeunganishwa na kigingi chembamba chenye kichwa kilichopanuka kidogo, kinachoingia kwenye tundu la sehemu iliyo kati ya kifundo na kiwiko. Rangi iliyopakwa kiwandani huingia kwenye kiungo ikakauka, ikawa kama gundi nyepesi. Kiungo hakizunguki kwa sababu hiyo, na ukilazimisha, rangi inashinda na kigingi kinakatika. Dawa ni joto. Chemsha maji, uyaepue, uyaache dakika chache mpaka yaache kufuka mvuke mwingi, kisha zamisha mkono huo peke yake kwa nusu dakika hivi. Ukiwa na draya ya nywele ni bora zaidi, kwa kuwa maji hayaingii ndani ya kiungo. Pitisha hewa ya moto huku na huku bila kuigandisha mahali pamoja. Plastiki ikishalainika, shika karibu kabisa na kiungo, usishike vidole, na uzungushe taratibu sana, kidogo kulia, kidogo kushoto. Utausikia mlio mdogo wa rangi inapoachia. Ukitaka kuutoa mkono, vuta moja kwa moja huku ukizungusha kidogo. Ukitaka kuingiza mwingine, upashe moto nao pia. Ikiwa ulitumia maji, kausha vizuri, na yawe maji yasiyo na chumvi. Visima vingi vya pwani yetu vina chumvi, na chumvi ikibaki kiungoni huacha unga mweupe. Maji ya mvua yanafaa sana.

Usipake mafuta ya nazi. Najua yapo kila nyumba kuanzia Lindi mpaka Msimbati, na kiungo kitateleza siku hiyo, lakini baada ya muda huchacha, hunata na kukusanya vumbi. Mafuta ya mgando ya kupaka mwilini nayo hapana, kwani yanatokana na mafuta ghafi ya ardhini na hulainisha plastiki isivyotakiwa. Kinachofaa ni mafuta ya silikoni, tone moja. Ukikosa, joto peke yake linatosha.

Ikitokea kigingi kimekwishakatika, usikate tamaa wala usikimbilie gundi. Mpelekee fundi saa au fundi simu mwenye keke ndogo ya mkono. Anatoboa tundu la kama milimita moja pande zote mbili, anapitisha kipande cha waya mgumu, kisha ndiyo anaweka gundi kidogo sana. Gundi peke yake kwenye kigingi chembamba namna hiyo haidumu.

Panga zimetengenezwa kwa plastiki laini kwa makusudi, ili zisimchome mtu na zisikatike zikianguka. Gharama yake ni kwamba hupinda, hasa zikisafiri zimebanwa ndani ya sanduku kwenye tumbo la meli yenye joto. Una bahati umepinda mmoja, maana ule mwingine ndio kipimo chako. Weka ulionyooka mezani. Uliopinda uzamishe kwenye maji ya moto kama yale ya kwanza, ubapa wa upanga peke yake, mpini ukiwa nje. Ukilainika uulaze juu ya sahani bapa, uunyooshe kwa vidole ukiulinganisha na mwenzake, kisha uutumbukize papo hapo kwenye maji yenye barafu. Hatua ya barafu usiiruke. Plastiki ina tabia ya kurudia umbo ililokuwa nalo wakati inapoa, kwa hiyo ukiuacha upoe mwenyewe utarudi kupinda jioni. Huenda ukahitaji kurudia mara ya pili.

Panga hizo zikishanyooka, usiziache zimechomekwa mgongoni miezi na miezi. Kila zinapoingia na kutoka, rangi ya fedha inakwanguka ukingoni, na zikikaa zimebanwa kwenye joto huchukua umbo la mahali zilipobanwa. Kumshikisha nako kuna adabu yake: lainisha vidole vya mkono kwa joto, vifungue, weka mpini, acha vidole vijirudie. Anayesukuma mpini kwa nguvu kwenye mkono mkavu hukwangua rangi ya mpini na kupasua ngozi ya kiganja, palepale penye kazi nzuri ya mchongaji.

Swali la uhalisi nalijibu kwa masharti, kwa kuwa sijaishika. Itazame hivi. Maandishi ya sanduku yawe makali hata yale madogo kabisa ya chini. Sanduku feki huchapwa kutoka kwenye picha ya sanduku halisi, na herufi ndogo huvimba na kuungana. Pawepo jina la mwenye haki za wahusika. Haki za kobe ninja zilinunuliwa na Viacom mwaka 2009, na kampuni hiyo ikageuka ViacomCBS mwishoni mwa 2019, kisha Paramount mwaka 2022, kwa hiyo jina linategemea sanduku limechapwa lini, ila lisipokuwepo jina lolote kati ya hayo nitatia shaka. Kwenye sanamu yenyewe tafuta maandishi madogo yaliyokandamizwa sehemu isiyoonekana, kama chini ya mguu. Kisha tazama mpaka wa kitambaa cha bluu na ngozi: kwa halisi mstari ni safi, kwa feki bluu inamwagikia kijani. Na unuse. Feki nyingi zina harufu kali ya kemikali isiyoisha hata baada ya wiki. Ugumu wa kifundo chako, kwa jinsi ulivyoueleza, haunitishi. Feki kwa kawaida husumbua kwa upande mwingine, viungo vyake vimelegea mno.

Kitu ambacho hukuuliza, nami nakiona kizito kuliko vyote, ni hewa yetu. Wakusanyaji wa nchi za baridi huandika ushauri usiofaa kwa nyumba ya Mikindani. Plastiki laini ya namna hii, PVC, hufanywa laini kwa kuchanganywa na vilainishi, na joto huvifanya vilainishi hivyo vitoke taratibu juu ya uso. Ukishika sanamu ukahisi inanata kama imepakwa sukari, ndivyo ilivyo. Kuanzia Novemba mpaka Machi, kaskazi inapovuma na unyevu ukiwa juu, hali hiyo huja upesi. Watu hudhani suluhisho ni kuifungia kwenye boksi la plastiki lisilopitisha hewa. Hapo ndipo huharibika zaidi, kwa sababu kinachotoka hakina pa kwenda. Iweke kwenye kabati lenye mlango wa kioo unaoacha mwanya, ukuta usiopigwa na jua la alasiri, mbali na bati. Ikinata, ioshe kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo kidogo, kwa mswaki laini, uikaushe kivulini. Usiizungushie gazeti, wino unahama. Msimu wa kusi hewa ni ya baridi na kavu zaidi, ila upepo wa baharini hubeba chumvi. Nyumba iliyo karibu na maji ifunge dirisha la upande huo au upanguse rafu mara kwa mara kwa kitambaa kikavu.

Joto lina jambo jingine tena. Sanamu hii ni nzito, na kifundo cha mguu kikilainika kwa miezi mfululizo huanza kuinama mpaka siku moja iko chini na kigingi kimevunjika. Pozi la magoti yaliyokunjwa ni zuri kwa picha na kwa wageni. Kwa kukaa kabatini, mnyooshee miguu na umwegemeze kidogo kwenye ukuta wa kabati.

Kuhusu mtoto, nitasema wazi. Mwanao wa miaka saba asiichezee hii kama mdoli. Atataka kobe wake apigane, aanguke, azame kwenye beseni, na ana haki kabisa ya kutaka hivyo. Kitu hiki kitavunjika, atalia, na huenda akagombezwa kwa kosa la watu wazima waliompa kitu kisichokuwa cha mchezo. Mtafutie wa kwake. Playmates wametengeneza kobe ninja wengi wa watoto, wakiwemo wa filamu ya katuni ya Mutant Mayhem ya 2023, wenye viungo vichache na imara, bei yao ikiwa ya chini sana kuliko hii. Muulize kaka yako awatafute safari ijayo, au mwombe mtu anayekwenda Kariakoo. Leonardo huyu wa 1990 mtunzie mwanao kama zawadi ya mjomba wake, wamtazame pamoja na wewe, umfundishe kubadilisha mikono siku za likizo. Mtoto wa miaka saba anaweza kufundishwa kushika kitu kwa uangalifu, mradi awe na kingine cha kurusha.

Huyo mdogo wa mwaka mmoja na nusu ndiye wa kuogopewa. Mkono mmoja wa ziada au kile kipande cha piza ni saizi kamili ya kuziba koo la mtoto mchanga. Vifaa vyote vidogo viwe kwenye chupa yenye kifuniko cha kuzungusha, rafu ya juu, na vihesabiwe kila mnapomaliza. Hili usilifanyie mzaha hata siku moja.

Imebaki kijana wa Shangani. Kama unataka kuuza, usikubali bei kabla ya kunyoosha upanga, kulegeza kifundo na kuhakikisha mikono yote ipo, maana sanamu isiyo na mikono yake hushuka thamani kuliko yenye sanduku lililochanika. Tafuta mtandaoni bei ambazo sanamu kama hiyo imeuzwa kweli, usitazame zile wauzaji wanazoziomba tu, na ujumlishe nauli ya kuifikisha Tanzania pamoja na ushuru, kwa sababu hiyo ndiyo bei ambayo yeye angelipa kuiagiza mwenyewe. Akikuambia ina kasoro kwa kuwa kifundo ni kigumu, mwonyeshe kinavyozunguka. Na kama ni mkusanyaji wa kweli, utamjua kwa kitu anachokitazama kwanza akishaipokea: panga, au mikono.